Shamba lililoshikwa na chumvi bondeni Ruzizi: soma dalili, tafuta chanzo, fungulia maji mlango

Wengi wetu tunaokaa Bukavu na kulima kule chini kwenye bonde la mto Ruzizi, Luvungi, Luberizi, Sange mpaka Kiliba, tunaigundua chumvi ikiwa imeshaota mizizi. Mwezi wa nane unashuka mteremko wa Ngomo kwenda kuangalia shamba, unakuta weupe juu ya matuta kama unga uliomwagika, na pale palipojaza magunia ya mahindi mwaka juzi pamebaki majani magumu ambayo hata mbuzi wanayapita. Watu wanasema udongo umezeeka. Mimi nasema umenyweshwa miaka mingi bila kupewa mlango wa kutolea maji, na maji yalipopanda hewani yaliacha mzigo wake chini.

Mzigo huo una asili yake. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, na maji ya Kivu si matamu kama yanavyoonekana: yana sodiamu, magnesiamu na baikaboneti nyingi, na kalsiamu kidogo sana. Vijito vya milimani vinayapunguza ukali njiani, lakini hebu tuseme kila mita ya ujazo inabaki na gramu 500 tu za chumvi. Ukimwagilia hekta moja mita za ujazo 5000 kwa msimu, umeingiza tani 2 na nusu. Zao halizili. Zinabaki palepale, isipokuwa kuna maji mengine yanayozisukuma chini na mtaro unaozitoa nje. Ongeza na jua la bondeni, na mvua iliyo chache kuliko ya Bukavu.

Kabla ya kwenda shambani beba chupa mbili za kioo zenye kifuniko, bidoni ya maji ya mvua, ndimu, kamba yenye jiwe, kipande cha tiyo ya plastiki cha mita 2, na ukiweza kipima kidogo cha mfukoni kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha zaidi. Kipimo chake huitwa desisimensi kwa mita. Hapa nitaandika namba peke yake. Kama kipima chako kinasoma maikrosimensi kwa sentimita, 1000 yake ni 1 yangu.

Weupe juu ya matuta wakati wa kiangazi

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara ni maji ya ardhini yaliyo karibu mno. Udongo unayavuta juu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, jua linayapokonya, chumvi inabaki kileleni mwa tuta kwa sababu ndipo panapokauka kwanza.

Chimba shimo jembamba, shusha ile tiyo uliyoitoboa matundu na kuizungushia kipande cha neti, usubiri mpaka kesho yake. Teremsha kamba yenye jiwe, sikiliza linapogusa maji, pima. Yakiwa mbali chini, kina kinachopita mita 2, weupe unaouona huenda ni mabaki ya zamani na utaoshwa bila shida kubwa. Yakiwa kwenye kina cha mita 1 au karibu zaidi na uso wa udongo katikati ya kiangazi, usinunue mbolea, usinunue mbegu mpya. Kazi yako ni mtaro. Kwenye udongo wa tifutifu jitahidi maji yasipande juu ya mita 1 na nusu miezi yote ya ukame.

Wakati mtaro unasubiri, panda ubavuni mwa tuta badala ya kileleni, na funika udongo kwa majani au pumba za mpunga. Haiondoi chumvi hata kidogo. Inapunguza mwendo wake tu.

Mbegu zinaota kwa madoa, ncha za majani zinaungua

Hapa wengi wanakosea, kwa sababu jani lililoungua ncha linaweza kuwa na njaa ya potasiamu au limeunguzwa na mbolea iliyowekwa karibu mno. Tofauti utaiona saa nne asubuhi: mmea wa shamba la chumvi unanyauka huku miguu yake imo ndani ya unyevu. Maji yapo, lakini chumvi inayashikilia na mzizi unashindwa kuyavuta.

Pima. Chukua sehemu 1 ya udongo mkavu uliopondwa na 5 za maji ya mvua, tikisa mara kadhaa kwa saa moja, acha utulie, chovya kipima. Namba utakayopata izidishe kwa 10 kama udongo ni tifutifu, 7 kama ni mfinyanzi mzito, 14 kama ni mchanga. Maharagwe huanza kupoteza mavuno jibu likipita 1, vitunguu 1.2, mahindi na miwa 1.7, nyanya 2.5, mpunga 3. Kunde huvumilia mpaka karibu 5, mtama karibu 7, pamba zaidi kidogo ya hapo. Wazee wanaokumbuka pamba ya bonde hili walilima zao lililojua kuvumilia. Ukipita 4, wataalamu wa udongo wanaliita shamba la chumvi, na kuendelea kupanda maharagwe humo ni kutupa mbegu.

Kuna jambo dogo linaloua miche mingi sezoni A, msimu wa mvua za mwezi wa tisa, inapoanza. Mvua ya kwanza ikiwa nyepesi haifiki mbali: inaikokota chumvi kutoka kileleni na kuileta kwenye mizizi michanga. Siku hiyo, kama una maji mazuri ya kijito, mwagilia palepale mvua ikiendelea, ili chumvi ipite mizizi na kwenda zake. Najua inashangaza kumwona mtu akimwagilia kwenye mvua. Fanya hivyo.

Maji yanatuama juu, udongo unateleza ukilowa na kuwa tofali ukikauka

Huu ni ugonjwa mwingine, ingawa tunauita jina lilelile. Hapa si wingi wa chumvi, ni sodiamu iliyoshika chembe za mfinyanzi na kuziachanisha, mpaka zikaziba matundu yote. Mara nyingine utaona utando mweusi juu, kwa sababu magadi yameyeyusha mboji na kuipandisha.

Chukua donge kavu la ukubwa wa punje ya maharagwe, liweke taratibu ndani ya chupa yenye maji ya mvua, usitikise. Rudi baada ya saa kadhaa. Donge likivunjika vipande na maji yakabaki maangavu, sodiamu si tatizo kubwa. Likizungukwa na wingu la maziwa, kisha maji yote yakawa kama chai ya rangi iliyotiwa maziwa, umepata jibu.

Usimwage maji mengi kwenye udongo kama huu kabla ya kuutibu. Maji safi peke yake yanauziba zaidi. Dawa yake ni kalsiamu, na kalsiamu inayoyeyuka kwa urahisi inatoka kwenye jasi, lile jiwe jeupe la kutengenezea plasta. Kuondoa kipimo kimoja cha sodiamu (miliekuivalenti 1 kwa gramu 100 za udongo) katika sentimita 30 za juu za hekta moja kunataka karibu tani 3 na nusu za jasi safi. Ni mzigo, na kuupandisha kwenye lori ni pesa. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, peleka udongo maabara. Bukavu ina vyuo vikuu vyenye kitivo cha kilimo, kama UEA na UCB. Uliza kwanza ni vipimo gani wanavyoweza kukufanyia, na omba kiasi cha sodiamu iliyoshikwa na udongo, si pH peke yake.

Halafu kamulia ndimu juu ya donge kavu, uliweke karibu na sikio. Likichemka vipovu vidogo kama sabuni inayopasuka, chokaa tayari imo ndani ya udongo wako, imefungwa tu. Hapo una njia ya bei nafuu: samadi nyingi, pumba za mpunga zilizooza, na kupanda sesbania, mmea wa jamii ya kunde, kisha kuifukia ingali mbichi. Mizizi na uozo hutoa hewa ya ukaa, hewa hiyo inageuka asidi dhaifu ndani ya maji, na asidi inaifungua chokaa ikitoa kalsiamu. Itachukua misimu kadhaa. Lakini kumwaga chokaa ya dukani kwenye udongo ambao pH yake imeshapita 8.5 hakusaidii, haiyeyuki, na nimewaona watu wazuri wakimaliza akiba yao kwa namna hiyo.

Mtaro upo, lakini shamba halibadiliki

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipojifunza zaidi.

Karibu na Sange kuna shamba la mama mmoja ambaye alichimba mtaro mrefu, kazi ya jasho hasa, kisha akangoja miaka miwili bila kuona tofauti. Tulitembea kando ya mtaro kuelekea chini. Katikati maji yalisimama, ya kijani, hayasogei. Mwishoni tulikuta vigogo vya migomba na udongo vimepangwa kama ukuta, na nyuma yake mihogo iliyolowekwa, maganda yanaelea.

"Mama, maji ya mtaro huu yanatokea wapi?"

"Mutoto yangu," akanijibu, "nikiyaacha yaende, mihogo nitailoweka wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki, na mtu anayechora mitaro bila kuuliza mihogo inalowekwa wapi atachora mitaro itakayozibwa. Tulichimba kidimbwi cha mihogo upande wa juu, kinacholishwa na mfereji wa maji mazuri, na ule ukuta ukabomolewa. Wiki ileile maji katika tiyo ya kupimia yalianza kushuka.

Kwa hiyo anza kwenye mdomo wa mtaro. Simama pale maji yanapotokea: yanaanguka, au yamelala? Kama uso wa maji ya mto au kinamasi unakopeleka uko sawa na chini ya mtaro wako, huna mtaro, una bwawa refu. Wakulima wa karibu na Ziwa Tanganyika wanalijua hili tangu ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024: midomo iliyokuwa ikitiririka ilimezwa.

Mdomo ukiwa mzuri, angalia kina. Mtaro wa sentimita 50 unaondoa maji ya mvua yaliyo juu, ambayo ni kazi njema, lakini haugusi maji ya ardhini yanayoleta chumvi. Unahitaji kwenda chini ya kile kina unachotaka maji yakae. Katika mfinyanzi maji hayatembei mbali, mitaro itabidi ikaribiane, pengine mita 10 hadi 20. Kwenye mchanga waweza kuiachanisha mita 50 au zaidi. Kingo zilaze, zisisimame wima, maana udongo wenye sodiamu huporomoka ukilowa. Na tafadhali, mtu asiingie kuchimba ndani ya mtaro mwembamba uliopita kifua chake. Ukuta wa udongo haupigi kelele kabla ya kuanguka.

Kipimo cha mwisho kinachukua dakika moja na kinasema ukweli wote. Chovya kipima kwenye maji unayomwagilia, kisha kwenye maji yanayotoka mtaroni. Yanayotoka yakiwa na chumvi maradufu au zaidi, mtaro unafanya kazi. Yakilingana, unachokiona ni maji ya mfereji yanayovuja moja kwa moja hadi mtaroni bila kupita kwenye udongo.

Maji hayana pa kushukia

Sehemu za chini kabisa za bonde huwezi kuyatoa kwa mteremko hata ukichimba vipi. Hapo ndipo nishati inapoingia, na hapo tu. Pompi ni ya mahali ambapo mteremko umekataa.

Watu husikia pompi ya jua wakafikiria mashine za kisima kirefu na bei zake. Kutoa maji ya mtaro ni kazi nyepesi sana. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa kimo cha mita 1 kunataka takribani wati-saa 2.7. Chukua hekta moja inayotoa mita za ujazo 50 kwa siku, na maji ya kupandishwa mita 3 kuvuka tuta mpaka mtoni: 50 mara 3 mara 2.7, ni kama wati-saa 400. Pompi na nyaya zinapoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo weka kilowati-saa 1. Paneli moja ya wati 300 kwa jua letu la kawaida inaifikia. Mimi ningeweka mbili, kwa sababu mawingu yapo. Maji hayohayo ukiyatoa kisimani mita 40 chini ungehitaji mara 13.

Na usinunue betri. Betri yako ni mtaro wenyewe. Pompi ikifanya kazi saa 6 za jua kali, maji ya saa 18 zinazobaki ni kama mita za ujazo 37. Panua mtaro mkuu uwe na upana wa mita 1, uache nusu mita ya kina kwa ajili ya kupanda na kushuka kwa maji, na urefu wa mita 75 unatosha kuyahifadhi hadi asubuhi. Kinachonifurahisha zaidi katika mpango huu ni kwamba chumvi hupanda kiangazi, na kiangazi ndipo paneli inapofanya kazi vizuri kuliko miezi mingine yote. Ugonjwa na dawa vinafika mwezi mmoja.

Kwa nini nisiseme motopompi ya mazutu? Kwa sababu kutoa maji ya chumvi ni kazi isiyokwisha, na mafuta yakikosekana miezi miwili, chumvi imerudi. Pakistani ilianza miaka ya 1960 kuchimba visima vingi sana vya pompi za umeme ili kushusha maji ya ardhini. Maji yalishuka, mashamba yakapona, kisha gharama ya umeme na matengenezo ikailemea serikali na visima vingi vikaachwa. Gharama ya kila mwezi ndiyo inayoua mradi wa mitaro.

Pompi inazunguka, maji ni kidogo

Kwanza soma kibandiko cha pompi kabla ya kulaumu jua. Niliwahi kuuziwa pompi inayosukuma hadi mita 60, muuzaji akaniambia yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Kwa mita 3 nilizohitaji ilitoa maji ya kujaza bidoni, si ya kukausha shamba. Tafuta ya kimo kidogo na maji mengi.

Pompi ikiwa ni sahihi, angalia chujio: nyuzi za kijani na majani ya muhogo hulifunga kwa siku mbili. Kisha kiungo cha tiyo ya kuvutia, kwani tundu dogo kama la sindano linaingiza hewa na pompi inakohoa. Paka maji ya sabuni pompi ikisimama, jaza maji, utaona linapovuja. Kisha kivuli. Jani moja la mgomba juu ya kona ya paneli linapunguza umeme kuliko unavyodhania. Vumbi la bondeni futa kila wiki. Weka paneli na mwinamo wa nyuzi 10 hivi, si kwa ajili ya jua, ambalo kwetu hupita karibu na utosi, bali ili mvua iioshe. Waya mwembamba na mrefu nao unakula nguvu: sogeza paneli karibu na pompi.

Maji haya yana chumvi, kwa hiyo chuma cha kawaida kitaoza. Plastiki na chuma kisichopata kutu ndivyo vinavyodumu. Na funga boya la kuzima pompi maji yakiisha, kwa kuwa pompi inayozunguka kavu adhuhuri moja haifiki jioni.

Mtaro unatoa maji, udongo bado mkali

Mtaro haufui udongo peke yake, unangoja maji ya kuufua. Kwa sentimita 30 za udongo, sentimita 15 za maji yaliyopenya huondoa karibu nusu ya chumvi, sentimita 30 huondoa kama asilimia 80, sentimita 60 kama asilimia 90. Sentimita 30 kwenye hekta ni mita za ujazo 3000, kwa hiyo tumia mvua, na maji ya vijito vya milimani kama Sange au Runingu yanayoshuka yenyewe bila pompi, kabla ya kufikiria yale ya Ruzizi. Gawanya shamba kwa matuta madogo yaliyosawazishwa, ujaze kidogo, uache yapenye, ujaze tena. Mpunga unaweza kukaa humo wakati wa kuosha, na ndiyo maana naupenda kuwa zao la mwaka wa kwanza chumvi ikishashuka kufika 5 au 4: unakupa chakula huku unafua.

Ilipona, baada ya mwaka imerudi

Mara nyingi shamba liliachwa tupu kiangazi, bila kifuniko, na pompi ya mtaro ikazimwa kwa kuwa hakuna zao. Miezi hiyo ndiyo ya kuiacha iendelee.

Chanzo cha pili kinaniumiza zaidi, kwa sababu kinatoka kwenye kitu kizuri. Mtu akipata pompi ya jua ya kumwagilia, maji yanakuwa bure, na anaiacha itiririke toka asubuhi hadi jioni. Alipokuwa akinunua esansi alipima kila lita. Sasa maji ya ardhini yanapanda mita nzima katika sezoni moja. Mwenye pompi ya kuingiza awe na tiyo ya kupimia katikati ya shamba, na aitazame kila Jumamosi. Maji yakipita mita 1 na nusu kupanda, azime.

Jirani wa chini analalamika

Ana haki. Maji unayoyatoa ni mabaya kuliko uliyoyapokea, na yakiingia kwenye mfereji wake wa kumwagilia umemhamishia ugonjwa wako. Kabla ya jembe la kwanza tembeeni pamoja, wewe, yeye na mwenye shamba linalofuata, mpaka mtoni, mkubaliane mtaro mmoja mkuu usioingia kwenye mfereji wa mtu yeyote. Yale maji mengi ya kufua udongo yatoeni mto ukiwa umejaa, mwezi wa tatu au wa nne, kuliko wakati umekonda na watu wa chini wanachota ya kunywa. Tiyo yake ya kupimia iwekeni siku moja na yako, na msome namba mkiwa wote wawili.